KOPO LA BIBI, DHAHABU YA SEKENKE NA MATAPELI WA RUPIA

Na Mwandishi Wetu, Singida

MJINI shule, ndivyo tunavyosema vijana. Tatizo ni kwamba shule hiyo nayo ina ada yake, na mtoto wa mjomba wangu hapa Singida Mjini nusura ailipe yote kwa mkupuo: shilingi laki tatu taslimu.

Kisa chenyewe kinaanzia chini ya kitanda cha bibi yetu, nyumbani kwake Mandewa. Pale kuna kopo la mafuta ya kupikia, lile la bati, ambalo sisi wajukuu tumelikuta na tutaliacha. Ndani yake kuna vifungo, sindano, ufunguo usiojulikana wa mlango gani, na hela za zamani. Siku moja jamaa akalimwaga mkekani, akachagua sarafu moja ya rangi ya shaba ya njano, akaipiga picha kwa simu na kumtumia bwana mmoja waliyejuana juzi tu pale stendi.

Jibu likaja dakika hiyo hiyo. "Kijana, umeukata! Hiyo ni rupia ya Mjerumani. Nina Mmarekani anainunua milioni hamsini. Tuma laki tatu ya mashine ya kupimia, kesho tunakuja na mzigo."

Ndugu yangu alikuwa na laki mbili. Ile moja iliyobaki akaja kuniomba mimi. Msomaji wangu, mimi ni mtu wa kuuliza sana. Kabla sijatoa hata mia, nikasema ngoja kwanza nijue hii kitu ni nini. Nilichokikuta ndicho ninachokupa leo. Kaa mkao wa kula.

MMAREKANI KWELI ANANUNUA?

Tuanze na ukweli ambao matapeli wanautumia kama chambo. Ni kweli, huko Marekani wapo watu wanaokusanya sarafu adimu kama wewe unavyokusanya picha za wanasoka, na wengine wanatoa mshiko wa kutisha. Mwaka 2021 sarafu moja ya dhahabu ya dola 20, ya mwaka 1933, iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 18. Unajua kwa nini? Serikali yao ilizitengeneza 445,500, halafu ikaamua dhahabu isitumike tena kama hela. Karibu zote zikayeyushwa. Zilizochomoka ni za kuhesabu.

Wamarekani hao pia wanapenda mno sarafu za kumbukumbu, yaani zile zinazotolewa kuadhimisha jambo fulani. Walianza mwaka 1892, walipotoa nusu dola yenye sura ya Christopher Columbus kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago. Kuanzia 1999 hadi 2008 wakatoa robo dola zenye picha tofauti kwa kila moja ya majimbo yao 50, matano kila mwaka. Watoto kwa wazee wakawa wanakagua chenji madukani kutafuta jimbo ambalo hawajalipata.

Lakini ipo sarafu moja ya Kimarekani ambayo sisi Waswahili tuna haki ya kuizungumzia kifua mbele, maana ilitengenezwa kwa ajili ya mtu tuliyemsoma wote shuleni: Seyyid Said bin Sultan. Ndiye yule yule, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar na kupanda mikarafuu.

ZAWADI YA SULTANI

Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alisaini mkataba wa biashara na Seyyid Said huko Muscat. Wamarekani walitaka pembe za ndovu na gundi ya sandarusi, na wao wakatuletea kile kitambaa ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita amerikani. Sasa umejua jina lilikotoka.

Mwaka uliofuata, serikali ya Marekani ikaamua kuwapelekea watawala wa mashariki zawadi: seti ya sarafu zake za kila aina, zimeng'arishwa kama kioo. Hapo ndipo sinema ilipoanza. Dola ya fedha ilikuwa haijatengenezwa kwa karibu miaka 30. Watu wa kiwandani wakafungua vitabu vyao, wakaona mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1804, basi wakachonga "1804" juu ya dola mpya za 1834. Kumbe zile za 1804 zilikuwa na tarehe ya mwaka wa nyuma! Maana yake ni kwamba hakuna dola hata moja yenye mwaka 1804 iliyotengenezwa mwaka 1804.

Roberts alirudi na zawadi mwaka 1835. Seti moja ilikwenda kwa Seyyid Said, nyingine kwa mfalme wa Siam, nchi tunayoiita Thailand. Leo dola zinazojulikana za kundi lile la kwanza ni nane tu. Ile inayoaminika kuwa ya Sultani ndiyo safi kuliko zote. Mwaka 1999 iliuzwa kwa dola milioni 4.14, na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa dola milioni 7.68.

Umeona mchezo? Fedha iliyomo ndani ya dola ile ni chini ya wakia moja. Kilichobaki ni uchache, usafi na kisa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayopandisha bei ya sarafu yoyote, iwe ya New York au ya Kititimo. Uzee peke yake si kitu. Zipo sarafu za Warumi zenye miaka zaidi ya 1,600 zinazouzwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu ni nyingi kama mchwa.

NA SISI TUNA YETU

Sasa tuje nyumbani. Kila anayesafiri kutoka Singida kwenda Nzega anaujua mlima Sekenke. Abiria wanaacha stori, dereva anashika gia ndogo, malori yanateremka kama kinyonga kuelekea Shelui. Wengi wetu tunauogopa mlima ule kwa ajali zake. Wachache tunajua kwamba huko huko Sekenke, wilayani Iramba, ndiko ulikoanza uchimbaji mkubwa wa dhahabu nchini, mwaka 1909, enzi za Mjerumani.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza ziliziba pwani yetu. Hela kutoka Ujerumani haziingii. Wajerumani wakaanza kuchapa noti zao hapa hapa, nyingine kwenye karatasi za hovyo. Wananchi wakazikataa. Askari na wapagazi waliokuwa wanabebeshwa mizigo ya vita walitaka chuma kinacholia, si karatasi.

Ndipo mwaka 1916, huko Tabora, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha hela. Maganda ya risasi na mizinga na shaba chakavu yakayeyushwa, yakatoka heller 5 na heller 20. Na kutokana na dhahabu ya Sekenke ikatoka sarafu ambayo wakusanyaji duniani wanaiita tembo wa Tabora: rupia 15 za dhahabu. Upande mmoja una tai wa Kijerumani. Upande wa pili kuna tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, chini yake mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Nakshi yake ilichongwa na sonara mwenye asili ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Sarafu hizo zilitengenezwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na hadithi ikaishia pale. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu tupu. Piga hesabu: zote kwa pamoja ni kama kilo 116. Mzigo huo, uliotoka kwenye ardhi ya mkoa wetu, leo umetawanyika kwenye makabati ya watu wa Ulaya na Marekani, na kila moja inauzwa kwa maelfu ya dola.

Sasa fikiria kijana wa Iramba au wa hapa mjini anayeikuta moja kwenye mkoba wa marehemu babu yake. Haijui. Anaipeleka kwa sonara, inayeyushwa, anapata gramu tano na kidogo za dhahabu, anatengenezewa pete ya uchumba. Pete nzuri, sawa. Lakini ameyeyusha kitu ambacho kimebaki kidogo duniani, na bei ya mkusanyaji ingekuwa kubwa kuliko ya hiyo dhahabu. Kwa hiyo, ukiona tembo na T, usiyeyushe!

TUFUNGUE KOPO

Haya, turudi kwenye kopo la bibi. Nilikaa naye mkekani jioni nzima, tukizipanga moja moja. Pengine na nyumbani kwenu zipo za aina hii, kwa hiyo fuatana nami.

Kwanza, zipo za Mjerumani. Mwanzoni ilikuwa rupia kwa pesa: rupia moja pesa 64. Pesa ile ya shaba, ya kuanzia 1890, ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Neno "pesa" tunalotumia kila siku, watu wa pwani walilipokea kwa njia ya bahari kutoka India. Mwaka 1904 wakabadili, rupia moja ikawa heller 100. Rupia ya fedha yenye Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita ni nzuri kuitazama, na ina soko lake. Heller moja ya shaba nyekundu, kwa upande wake, ni nyingi sana. Usitegemee kununulia hata pikipiki.

Pili, zipo za Mwingereza. Shilingi ya simba amesimama mbele ya milima, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na robo ya fedha halisi mpaka mwaka 1946. Baada ya hapo fedha ikatolewa kabisa. Halafu zipo senti 5 na senti 10 zenye tundu katikati, ambazo wazee walizitunga kwenye kamba.

Katika hizo za tundu, tafuta zenye mwaka 1936, kisha soma jina la mfalme. Ukiona Edward wa Nane, umeshika kichekesho cha historia. Huyu bwana alikuwa mfalme wa Uingereza kwa miezi isiyofika 11, akaachia kiti cha enzi ili amuoe mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuachika. Huko kwao hela zenye sura yake hazikuwahi kuingia mitaani, na zile chache zilizotengenezwa kwa majaribio zinauzwa kwa bei ya majumba. Lakini hapa Afrika Mashariki senti zetu zilikuwa na tundu badala ya sura, wakaweka jina lake na kuzimwaga sokoni. Kwa hiyo penzi lililotikisa Uingereza liko kwenye kopo la bibi Mandewa! Bei yake ni ndogo kwa sababu ziko nyingi, lakini kwa kupigia stori haina mfano.

Tatu, zipo za kwetu wenyewe. Benki Kuu ilianza kazi mwaka 1966, na mwaka huo huo tukapata shilingi yenye mwenge, senti 50 ya sungura, senti 20 ya mbuni na senti 5 ya samaki. Senti 10 ya pundamilia ilikuja mwaka 1977. Na kama Wamarekani, na sisi tunazo za kumbukumbu: shilingi 5 ya mwaka 1971 ya miaka kumi ya Uhuru, na shilingi 20 ya mwaka 1981 ya miaka 20 ya Uhuru. Mwaka 1974 zilitoka pia za kuhifadhi wanyamapori: shilingi 25 ya fedha yenye twiga, shilingi 50 ya fedha yenye faru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma, uzito wake gramu 33 na ushee. Hizo hukuziona kwa muuza vitumbua. Zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji.

Na ile sarafu ya njano, ya milioni hamsini? Nikaigeuza kwenye mwanga. Taji juu, mwaka 1916, herufi T chini. Upande wa pili: 20 Heller. Ni ya Tabora kweli, ila si ya dhahabu. Ni ile ya maganda ya risasi. Zilitengenezwa kwa wingi, na wakusanyaji wanaipata kwa bei ya kawaida tu. Milioni hamsini? Labda ya maneno.

CHANGA LA MACHO

Hapo ndipo nilipoelewa mtego. Tapeli haangalii sarafu yako, anaangalia tamaa yako. Wako wanaosema rupia ya kweli "inavuta mchele" au "inavuta sindano", na wanakuonyesha kabisa. Jamani, sumaku haivuti dhahabu, wala fedha, wala shaba. Sarafu inayovuta sindano imetiwa sumaku. Na mchele hauvutwi na kitu chochote ila mkono wa mwenye njaa. Ukiona punje zinaifuata sarafu, tafuta gundi au uzi.

Wengine wanakuja na mganga, wanasema chini ya jengo fulani la zamani kuna sanduku la Mjerumani, changia hela ya kafara. Watu wameuza mbuzi na mashamba kwa masanduku yasiyokuwapo. Kanuni ni moja: mnunuzi wa kweli anakulipa wewe. Akitaka wewe ndiye utangulize hela, ya mashine, ya kibali, ya mafuta ya gari, ya dawa, jua kwamba bidhaa pale ni wewe.

Na kuna utapeli wa upande wa pili, usiosemwa sana. Mtu anapita nyumba kwa nyumba akinunua hela za zamani kwa kilo, kama vyuma chakavu, kutoka kwa wazee. Huyo naye anajua anachokitafuta.

UKITAKA KUANZA

Kukusanya sarafu ni starehe ya bei poa kuliko kukaa baa, na huhitaji dola. Anza na za Tanzania, kuanzia senti 5 ya samaki mpaka shilingi 500 ya nyati iliyotoka mwaka 2014. Waulize wazee, waulize wenye maduka ya zamani pale sokoni. Halafu zingatia haya:

Usisugue. Wengi wakikuta sarafu wanakimbilia ndimu na majivu ili ing'ae. Ile rangi nyeusi ya uzee ndiyo ushahidi wake, na sarafu iliyosuguliwa inapoteza sehemu kubwa ya bei mbele ya mkusanyaji. Ishike kwa ukingo, kama unavyoshika kanda ya video kwa adabu.

Ifunge kwenye karatasi kavu, moja moja, zisigongane. Kopo la bati lenye unyevu ni adui.

Kwa rupia 15 ya tembo, pima uzito mbele yako. Za bandia zipo duniani. Ikipungua sana kwenye gramu 7.168, shtuka.

Usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu nchini kabla ya mwaka 1863. Zile sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, kwa mfano, ni za karne nyingi zilizopita. Ukizikuta ardhini, zipeleke kwa ofisa utamaduni, siyo kwa dalali.

Na la mwisho, andika. Ilikuwa ya nani, aliipataje, mwaka gani. Karatasi hiyo iende pamoja na sarafu.

ALICHOSEMA BIBI

Hilo la mwisho nilijifunza jioni ile ile. Ndugu yangu alikuwa amenuna, ndoto yake imeyeyuka. Bibi akaichukua ile heller 20, akaiweka kiganjani.

"Hii si ya kopo," akasema. "Hii ni ya baba yangu. Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita akiwa kijana kama nyinyi. Waliondoka wengi, alirudi yeye na mwenzake mmoja. Mshahara wote alioleta nyumbani ni huu, na Wazungu walipobadilishana nchi, haukununua hata chumvi."

Mkekani pakawa kimya. Miaka yote hiyo sisi wajukuu tulikuwa tunaichezea gololi.

"Shikamoo, bibi," mtoto wa mjomba akasema kwa sauti ndogo, kama vile ndiyo kwanza anaingia ndani.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa yule mtu wa stendi umemwambiaje?"

Akatoa simu, akamwandikia: haiuzwi. Yule bwana akapiga mara nne usiku ule, akashuka kutoka laki tatu ya mashine mpaka elfu hamsini, kisha elfu ishirini ya vocha. Mara ya tano bibi mwenyewe akapokea. Alichomwambia hakiandikiki gazetini.